Machaguo ya Ujenzi wa Programu: Jinsi Yanavyotangazwa na Kutumika

Kwenye ufuko wa Lipingo, upande wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, mtu anayetaka mtumbwi humwendea fundi kabla gogo halijaguswa na tezo. Hapo ndipo maswali huulizwa. Mtumbwi utabeba watu wangapi? Utatoka usiku kufuata usipa, au utachukua mizigo kutoka kijiji hadi kijiji? Je, utakabili mawimbi ya mwera, ule upepo mkali wa kusini, au utakaa karibu na nchi kavu? Majibu ya maswali hayo huingia ndani ya mti wenyewe. Mambo mengine, kama vile nani ashike kasia na nyavu ziwekwe upande gani, humngoja mvuvi mwenyewe, naye aweza kuyabadili kila siku apendapo. Lakini ubavu uliokwisha kuchongwa mwembamba haurudi kuwa mpana.

Programu ya kompyuta nayo ina maswali ya aina hizo mbili. Wengi wetu tunayafahamu yale ya aina ya pili: ukubwa wa herufi, rangi ya kioo, sauti iwe juu au chini. Huo ni mpangilio wa matumizi. Maswali ya aina ya kwanza hayaonekani kwa mtumiaji, maana yalikwisha kujibiwa kabla programu haijamfikia. Makala haya yanahusu maswali hayo ya kwanza, yaani machaguo ya ujenzi.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maana ya ujenzi. Mtaalamu huandika programu kwa lugha ambayo binadamu aweza kuisoma, kwa mfano lugha ya C. Maandishi hayo hugawanywa katika mafaili mengi, na kompyuta haiwezi kuyatekeleza kama yalivyo. Kompaila huyatafsiri faili moja moja na kutoa mafaili ya kati, kisha mafaili ya kati huunganishwa kuwa programu moja kamili. Kazi hiyo yote ndiyo ujenzi. Programu kubwa huwa na mafaili maelfu kwa maelfu, hivyo hakuna mtu awezaye kumwamuru kompaila kwa mkono kila mara. Ndiyo sababu kuna mfumo wa ujenzi: chombo kinachosoma maagizo yaliyoandikwa mara moja na kuyatekeleza kwa utaratibu. Chaguo la ujenzi ni swali lililoandikwa ndani ya maagizo hayo, pamoja na jibu litakalotumika iwapo hakuna aliyejibu. Jibu hilo la akiba huitwa chaguo-msingi.

Mwanafunzi aweza kuuliza: mambo haya ya mafundi yanamhusu nini mtu wa Lipingo? Tuchukue mfano. Tuseme shule moja ya sekondari katika pwani hii imepewa kompyuta za mkononi zilizokwisha kutumika, zilizoundwa mwaka 2003 au 2004, zenye prosesa ya Pentium M. Mwalimu anachukua diski ya Ubuntu, mfumo endeshi usiouzwa, na kuanza kuuweka. Kompyuta inakataa kuwaka. Kwenye kioo unatokea ujumbe kwamba kiini cha mfumo kinahitaji kitu kiitwacho PAE, nacho hakimo katika prosesa. Mwalimu anajaribu kompyuta ya pili na ya tatu, na zote zinatoa ujumbe uleule. Kwa hali ya kawaida kompyuta hizo hutangazwa kuwa mbovu na kurundikwa stoo.

Kompyuta hizo si mbovu. PAE ni mbinu inayoiwezesha prosesa ya biti 32 kutumia anwani ndefu zaidi za kumbukumbu. Kwa biti 32 zinapatikana anwani 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296, ambazo ni gigabaiti 4. Kwa PAE anwani huwa na biti 36, na kumbukumbu inayoweza kufikiwa ni mara 16 ya hiyo, yaani gigabaiti 64. Katika maagizo ya kujenga kiini cha Linux kuna chaguo liitwalo X86_PAE. Likiwashwa, kiini huchongwa kwa namna ambayo majedwali yake ya kumbukumbu yana umbo jingine kabisa, na prosesa isiyojua umbo hilo haiwezi kukiendesha. Likizimwa, maandishi yaleyale ya kiini, yaliyoandikwa na watu walewale, hutoa kiini kitakachowaka kwenye kompyuta ya zamani bila taabu.

Mwaka 2012, kuanzia toleo la 12.10, Ubuntu iliacha kujenga kiini kisicho na PAE. Sababu zao zilikuwa za haki: kila namna ya kiini inayojengwa hudai kujaribiwa, kuhifadhiwa na kurekebishwa kila kasoro inapogunduliwa, na waliokuwa wakiihitaji walikuwa wamepungua. Debian, ambao ni mfumo ndugu yake, uliendelea kujenga namna zote mbili kwa miaka mingi zaidi. Kwa hiyo mwalimu wetu angebadilisha diski tu, stoo ingebaki tupu.

Kisa hicho kina mwisho wenye mafunzo. Iligunduliwa kwamba baadhi ya Pentium M zina PAE ndani yake, ila hazijitangazi kuwa nayo. Mwaka 2014 kiini kikaongezewa neno «forcepae», ambalo mtumiaji huliandika wakati wa kuwasha ili kiini kisijali tangazo hilo. Tazama tofauti. Neno linaloandikwa wakati wa kuwasha laweza kuruka ukaguzi; haliwezi kuipa prosesa kitu isichokuwa nacho, wala kukichonga upya kiini kilichokwisha kujengwa.

Sasa tujenge kitu chetu wenyewe. Tuseme wanafunzi wa kidato cha tatu wanataka programu ndogo ya kuandika uzito wa samaki wanaoteremshwa ufukoni kila asubuhi, mtumbwi kwa mtumbwi, na kutoa jumla. Wataiita «mizani». Ina mafaili mawili ya lazima: pokea.c, linalosoma uzito unaoandikwa, na jumla.c, linalojumlisha na kuonyesha jibu. Faili la tatu, grafu.c, huchora grafu ya siku, lakini linahitaji kompyuta yenye nguvu kidogo, kwa hiyo liwe la hiari. Maagizo ya ujenzi huandikwa katika faili liitwalo Makefile, nalo husomwa na chombo kiitwacho make:

    LUGHA  ?= sw
    KIPIMO ?= kg
    GRAFU  ?= hapana

    VIPANDE = pokea.o jumla.o

    ifeq ($(LUGHA),sw)
    SWICHI += -DKISWAHILI
    endif
    ifeq ($(KIPIMO),g)
    SWICHI += -DGRAMU
    endif
    ifeq ($(GRAFU),ndiyo)
    SWICHI += -DGRAFU
    VIPANDE += grafu.o
    endif

    mizani: $(VIPANDE)
    	cc -o mizani $(VIPANDE)

    %.o: %.c
    	cc $(SWICHI) -c $<

Mistari mitatu ya mwanzo ndiyo inayotangaza machaguo. Alama «?=» ina maana ya kwamba kigeu kipewe thamani hiyo endapo hakuna aliyekwisha kukipa nyingine. Hilo ndilo chaguo-msingi. Mwanafunzi akiandika «make» peke yake, atapata programu ya Kiswahili, inayopima kwa kilo, isiyo na grafu. Akiandika «make GRAFU=ndiyo», atapata pia kipande cha tatu. Swichi zenye herufi D hupelekwa kwa kompaila, na ndani ya maandishi ya C kuna sehemu zilizozungushiwa maneno «#ifdef» na «#endif». Sehemu hizo hutafsiriwa ikiwa swichi yake imewashwa, na hurukwa kabisa ikiwa haikuwashwa. Sehemu iliyorukwa haimo ndani ya programu hata chembe. Haikufichwa wala kufungwa, na mtumiaji hawezi kuifungua. Ni sawa na jina ambalo halikuandikwa daftarini. (Mistari inayoanza na «cc» hutanguliwa na kituo cha Tab wala si nafasi za kawaida. Kosa hilo limewatesa wanafunzi wa nchi zote tangu make ilipoandikwa, nasi hatutakuwa wa mwisho.)

Makefile hiyo inafanya kazi, lakini ina kasoro mbili ambazo mwalimu afaa kuziacha kwanza zijitokeze darasani, kwa maana zinafundisha kuliko maelezo.

Kasoro ya kwanza ni ya imla. Mwanafunzi ataandika «make GRAFU=ndio», bila y, kama wengi wetu tunavyoandika. Make italinganisha «ndio» na «ndiyo», itaona ni maneno mawili tofauti, na itaendelea kimya kana kwamba jibu lilikuwa hapana. Programu itajengwa bila malalamiko yoyote na grafu haitaonekana. Mwanafunzi atatafuta kosa katika grafu.c, ambako hakuna kosa. Chaguo lililotangazwa vizuri hutaja majibu yanayokubalika na hukataa mengine kwa sauti:

    ifeq ($(filter $(GRAFU),ndiyo hapana),)
    $(error GRAFU iwe ndiyo au hapana)
    endif

Mistari hiyo ikiongezwa chini ya matangazo, ujenzi utasimama palepale na kusema sababu. Mifumo mingi mikubwa bado ina udhaifu huu. Mtu akikosea herufi moja katika jina la chaguo, mfumo hutunga kigeu kipya kisichotumika popote na kuendelea na safari. Kwa maoni yangu, mfumo unaonyamazia chaguo usilolijua ni hatari kuliko ule usio na machaguo kabisa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na ili kuielewa lazima tukumbuke make ilivyozaliwa. Iliandikwa mwaka 1976 na Stuart Feldman katika maabara ya Bell, Marekani. Feldman mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu iliyokwisha kusahihishwa: maandishi yalikuwa sahihi, ila faili la kati lilikuwa bado la zamani. Make iliponya ugonjwa huo kwa kulinganisha saa za mafaili. Ikiwa pokea.c limeandikwa baada ya pokea.o, litafsiriwe upya. Kama sivyo, liachwe. Lakini hapa pana mtego. Make hutazama saa za mafaili tu. Haitazami majibu ya machaguo yaliyotumika kujenga mafaili hayo.

Tufuate hatua kwa hatua. Siku ya Jumatatu mwalimu anaandika «make», na programu inajengwa kwa kilo. Siku ya Jumanne anasahihisha neno moja katika pokea.c, na kwa kuwa mizani mpya ya ufukoni inaonyesha gramu, anaandika «make KIPIMO=g». Make inaona kwamba pokea.c ni jipya, hivyo inalitafsiri upya pamoja na swichi ya GRAMU. Kuhusu jumla.c inaona kwamba halikuguswa, kwa hiyo jumla.o la Jumatatu linatumika kama lilivyo. Sasa programu ina vipande viwili visivyokubaliana. Pokea inapokea gramu na kuzipeleka mbele zikiwa gramu, ikitazamia kwamba jumla itagawanya kwa 1,000. Jumla ya Jumatatu haijui habari za gramu, wala haigawanyi. Mtumbwi ulioleta kilo 12 za usipa unaandikiwa kilo 12,000, yaani tani 12 ndani ya gogo moja lililochongwa.

Kosa kama hilo huonekana kwa macho, na darasa litacheka. Laiti makosa yote ya aina hii yangekuwa ya kuchekesha. Tuseme chaguo lilihusu kukadiria uzito wa maji yanayobaki kwenye samaki, na vipande viwili vikatofautiana kwa sehemu tano katika mia. Hakuna atakayeshtuka, na daftari la mwaka mzima litakuwa na uongo ambao hakuna awezaye kuutambua kwa kusoma maandishi ya programu, maana kila faili, likisomwa peke yake, ni sahihi.

Dawa rahisi ni kufuta mafaili yote ya kati kila chaguo linapobadilishwa. Inafaa kwa mafaili mawili. Kwa programu ambayo ujenzi wake huchukua saa kadhaa ni adhabu. Dawa iliyo bora ni kuyaweka majibu ndani ya faili, kwa kuwa faili lina saa ambayo make inaweza kuiona. Tuandike faili liitwalo machaguo.h, lenye mistari kama «#define KISWAHILI» na «#define GRAMU», kila faili la C lilisome, na kanuni yetu ya mwisho ibadilike hivi:

    %.o: %.c machaguo.h
    	cc -c $<

Kuanzia hapo, anayetaka kubadili jibu hubadili machaguo.h, na kwa tendo hilo kila faili la kati hugeuka kuwa la zamani na hujengwa upya. Jumatatu na Jumanne haziwezi tena kuchanganyika. Chaguo linaloongeza kipande kizima, kama GRAFU, hubaki pia katika Makefile, kwa kuwa make lazima ijue orodha ya vipande.

Mifumo mikubwa hufuata njia hiyohiyo. Autoconf, iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, huichunguza kompyuta, hupokea machaguo ya mjenzi, kisha huyaandika katika faili ambalo kwa desturi huitwa config.h. CMake, ya mwaka 2000, huyahifadhi katika CMakeCache.txt; katika maagizo ya CMake chaguo letu lingetangazwa kwa mstari mmoja, «option(GRAFU "Onyesha grafu ya siku" OFF)», na kuwashwa kwa «cmake -DGRAFU=ON». Lakini hifadhi hiyo nayo ina ukaidi wake. Mwandishi akibadili chaguo-msingi baadaye, yule ambaye tayari ana hifadhi ya zamani hatapata badiliko hilo, kwa sababu jibu lililohifadhiwa hulishinda jipya. Kiini cha Linux kimekwenda mbali zaidi: mfumo wake hukumbuka ni faili gani linatumia chaguo gani, ili chaguo moja likibadilika yajengwe upya yale tu yanayolihusu.

Kiini hicho kina machaguo yanayozidi 10,000. Tangu mwaka 2002 hutangazwa kwa lugha ndogo iitwayo Kconfig. Chaguo letu lingeandikwa hivi katika lugha hiyo:

    config GRAFU
    	bool "Onyesha grafu ya siku"
    	depends on SKRINI
    	default n
    	help
    	  Huongeza kipande cha kuchora grafu
    	  ya samaki walioteremshwa.

Kuna mambo manne hapa: swali lenyewe kwa maneno ya binadamu, sharti kwamba grafu isiulizwe mahali pasipo na skrini, jibu la akiba, na maelezo kwa asiyejua. La mwisho huonekana dogo, lakini chaguo lisilo na maelezo ni kufuli lisilo na ufunguo. Sharti nalo lina faida inayoweza kuhesabiwa. Machaguo matatu ya ndiyo na hapana hutoa programu 2 × 2 × 2, yaani 8 zinazotofautiana. Ikiwa GRAFU haiwezekani bila SKRINI, mbili kati ya hizo huondolewa, zikabaki 6. Machaguo 10 yasiyo na masharti hutoa programu 1,024, na machaguo 20 hutoa 1,048,576. Hakuna timu ya watu iwezayo kujaribu programu milioni moja. Kila chaguo jipya huongeza maradufu idadi ya programu zinazodhaniwa kuwa nzima bila mtu yeyote kuziona zikitembea.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye KIPIMO na kukiri kwamba hakikustahili kuwa chaguo la ujenzi. Kilo au gramu ni jambo ambalo mwenye mizani analijua asubuhi ileile, na programu ingeweza kumwuliza. Yanayostahili kuamuliwa wakati wa ujenzi ni yale yanayogusa mwili wa programu: aina ya prosesa, kipande kinachohitaji maktaba ambayo kompyuta nyingine hazina, au sehemu nzito ambayo mashine dogo haliwezi kuibeba.

Na lugha je? Hili ni swali linalotugusa sisi kuliko wengi. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukisaidiwa na shirika la Sida la Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zikiwa na menyu na maelezo kwa Kiswahili. Kazi ya kutafuta istilahi na kutafsiri maelfu ya maneno ilifanywa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 2010 LibreOffice ilichipuka kutoka katika OpenOffice, na Kiswahili kimo katika hazina yake ya tafsiri. Lakini kuwa katika hazina si kuwa katika programu. Anayeijenga LibreOffice lazima atamke:

    ./autogen.sh --with-lang="sw-TZ"

Asipotamka lolote, hupata Kiingereza cha Marekani peke yake, kwa kuwa hicho huwekwa daima na ndicho chaguo-msingi. Mtumiaji wa programu iliyojengwa hivyo aweza kuifungua orodha ya lugha katika mpangilio na kuipekua hadi jioni; Kiswahili hatakiona. Ataamini kwamba hakijatafsiriwa bado, ilhali kazi ilifanyika miaka mingi nyuma na maneno yapo, ila mjenzi wa nchi ya mbali hakuulizwa wala hakuuliza. Jambo la kufurahisha ni kwamba maelezo ya chaguo hilo, yaliyomo ndani ya LibreOffice yenyewe, hutoa mfano wa lugha chache za kuandikwa mahali hapo, na mojawapo ni «sw».

LibreOffice imetatua swali la lugha kwa hatua mbili, nami naona ni sawa. Mjenzi huamua lugha zipi ziingie, na mtumiaji huchagua mojawapo kati ya zilizoingia. Anayejenga kwa ajili ya shule zetu aweza kuandika «sw-TZ» na kuongeza nyingine atakazo, akiziachia nafasi katikati. Aweza pia kuongeza «--without-java» ili kuacha sehemu zinazotegemea Java, jambo linalopunguza uzito kwa kompyuta za zamani. Machaguo hayo yote aweza kuyaandika katika faili liitwalo autogen.input, kila moja kwenye mstari wake, na faili hilo laweza kukabidhiwa shule nyingine kama vile mbegu inavyokabidhiwa jirani. Shule ya pili haitahitaji kukumbuka amri ndefu, na itapata programu ileile.

Kwa zoezi la darasani, mwalimu aandike programu ya mizani kama ilivyoelezwa, kwa Makefile ya kwanza isiyo na machaguo.h. Wanafunzi waijenge kwa kilo, kisha wafungue pokea.c, waongeze nafasi moja tu mahali pasipo na madhara, walihifadhi, na wajenge tena kwa «make KIPIMO=g». Wapime samaki wa mtumbwi mmoja. Baada ya kuona jibu, waulizwe ni faili gani lina kosa, nao wakatazwe kusema «kompyuta imekosea» mpaka watakapokuwa wamesoma yote mawili na kuandika saa ambayo kila faili la kati lilijengwa. Kisha waongeze chaguo la nne, MSIMU, lenye majibu matatu badala ya mawili, «mwera», «shwari» na «masika». Wahesabu programu zinazowezekana sasa, wakikumbuka kwamba 2 × 2 × 2 × 3 ni hesabu ya pale tu ambapo hakuna sharti, na waamue wenyewe, kwa hoja, kama MSIMU ni swali la fundi au la mvuvi.